Mkono wa Kusalimia

4 Februari

Kwa Fundi wa Karakana ya Viungo, nyuma ya stesheni,

Salamu nyingi. Kwanza niwie radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto, na miaka sita haijanitosha kuuzoesha. Herufi bado zinapanda mlima.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nilikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha biskuti, mashine namba tatu, ile kubwa. Mkono wangu wa kulia ulibaki humo, kuanzia juu kidogo ya kifundo. Tangu hapo nimepewa mikono miwili ya bandia. Wa kwanza una ndoano, unafaa kubebea ndoo. Wa pili una vidole vya plastiki vilivyojikunja muda wote kana kwamba nimeshika glasi, na majirani wameanza kunitania kwamba nazeekea kwenye pombe. Yote miwili iko kabatini.

Ninachotaka ni mkono wa mti, ulionyooka. Vidole vinne vishikane, dole gumba lilale kando yake, na kiganja kiwe na uvungu kidogo katikati. Usiwe na springi wala kamba. Sitaki ushike kitu. Kazi yake ni moja, kukutana na mwenzake.

Nimekutafuta muda mrefu. Mafundi wawili niliowaandikia walijibu kwamba mkono usioshika kitu ni kuharibu mti bure. Daktari wa huku ndiye aliyenipa anwani yako, akasema wewe huna maswali mengi.

Nimeambatanisha mchoro wa mkono wangu wa kushoto, binti yangu ameufuatisha kwa penseli, ili uugeuze upate wa kulia. Vipimo vya kigutu viko nyuma ya karatasi ya mchoro.

Wako,
Mkandaji Mstaafu


8 Februari

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua niliyoifunga humu isome kwanza, kisha urudi kwangu. Ukishaisoma ichane.

Umeona? Ni yeye. Mashine namba tatu, mkono wa kulia, miaka sita. Nimekaa na barua hii mfukoni mwa aproni siku nzima, na kila mteja akiingia natazama nyuma yake nione nani anafuata.

Hapa hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa fundi umeme kiwandani na kwamba watu waliniita Swichi. Hapa mimi ni Fundi Mguu, basi. Sasa mzee huyu ametoka wapi na karatasi yake? Mafundi wa viungo wamejaa nchi nzima, iweje aniangukie mimi? Na eti "nimekutafuta muda mrefu." Na eti "huna maswali mengi." Anataka mkono usiofanya kazi yoyote. Nani anayetaka mkono usiofanya kazi, dada? Mtu anayetaka kisingizio cha kuandika barua.

Niambie nifanye nini. Asubuhi ile ni wewe na mimi tu tunaoijua.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Huo ni mtego, mchana kweupe. Mtu amekatwa mkono, akaandikiwa ripoti kwamba hakuzima mashine wala hakutundika kibao cha hatari kwenye swichi, akanyamaza miaka sita, leo anaagiza kinyago? Huyo anakuchimba. Ukimjibu kwa mwandiko wako atauweka kando ya mwandiko wa zamani kiwandani. Mwandikie kwa herufi kubwa.

Usisahau kwamba shingo zilizo kitanzini ni mbili. Kibao ulikitoa wewe, swichi uliiwasha wewe. Lakini rejista ya zamu iliyosema ulikuwa likizo siku ile niliiandika mimi, karani wa zamu, na saini iliyo chini ni yangu. Mama alipofariki niliahidi kukulea na nimekulea. Sikukulea ili nikupeleke jela na mimi nikufuate na kikapu cha chakula.

Muulize maswali kwa ujanja. Nani kamtuma, na mkono huo ni wa nini hasa. Ukiona anajikanyaga, mwambie mti umekwisha.

Dada yako


18 Februari

KWA MZEE MKANDAJI,

SHIKAMOO. BARUA YAKO IMEFIKA.

KABLA SIJAANZA KAZI NAOMBA KUJUA: MKONO WA BAPA NI WA NINI? NDOANO INGEKUSAIDIA ZAIDI. JE, UMEWAHI KUFIKA MJI HUU? YUPO MTU YEYOTE WA KIWANDANI ANAYEJUA KWAMBA UMENIANDIKIA? DAKTARI ALISEMA NINI KINGINE KUHUSU MIMI?

NI MASWALI YA KAWAIDA, HUULIZWA KILA MTEJA.

FUNDI


25 Februari

Kwa Fundi,

Marahaba, ingawa nitakueleza hapa chini kwa nini salamu hiyo huninyima raha kidogo. Daktari alinidanganya. Una maswali kumzidi mke wangu, na yeye, Mungu amrehemu, alikuwa nayo.

Mji wenu sijawahi kufika. Wa kiwandani hakuna ninayeonana naye. Mkono ni wa kusalimia.

Sisi Wahindu tunaweka viganja viwili pamoja mbele ya kifua, tunainamisha kichwa, tunasema namaste. Wengi hudhani ni habari za asubuhi tu. Maana yake ni nakuinamia. Lakini simwinamii huyo mwenye shati na cheo. Mama yangu alinifundisha kwamba Mungu amekaa ndani ya kila mtu, nyuma kabisa, mahali ambapo hata mwenyewe hafiki mara kwa mara. Ninapounganisha viganja nasema hivi: aliye ndani yako namwona. Umejifunika ngozi, umejifunika kazi na jina, labda hata umejificha usijulikane, lakini mimi nakutambua. Na aliye ndani yangu ni huyo huyo. Kiganja kimoja ni mimi, cha pili ni wewe, na vikikutana hatupo wawili tena.

Shikamoo yenu ni nzuri, ila mdogo humpa mkubwa, na mkubwa hukaa akapokea. Hii yetu haina mkubwa. Mwenye duka na mfagiaji wake huinamiana. Mkosaji na aliyekosewa pia.

Kwa mkono mmoja nimejaribu. Nauinua mbele ya kifua na watu wanadhani nasimamisha gari.

Nikwambie na jingine, kwa kuwa hunijui na sikujui. Ripoti ilisema mimi ndiye mzembe, sikuzima na sikutundika kibao. Asubuhi ile imefutika kichwani mwangu. Nakumbuka chai, kisha nakumbuka hospitali. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kusahau kibao, lakini kila msahaulifu husema hivyo. Watu wote wengine naweza kuwainamia. Yule ninayemwona kwenye kioo ndiye ananishinda. Nikipata viganja viwili nadhani nitaanza na yeye.

Wako,
Mkandaji Mstaafu


1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yake ya pili nimeifunga humu, soma mwenyewe nilipopigia mstari. "Labda hata umejificha usijulikane, lakini mimi nakutambua." Kuna maelezo gani mengine? Anajua. Ananizungusha taratibu, anataka nijitoe mwenyewe.

Ila kipande cha mwisho kinanitesa. Kile cha kioo. Kama anajua kwamba ni mimi, kwa nini aandike kwamba hajui kama alitundika kibao? Ama ni mwigizaji hodari, ama hajui chochote, na mzee wa watu anajichukia miaka yote kwa kosa langu. Sijui lipi kati ya hayo mawili linanitisha zaidi.

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni mwigizaji. Usianze kulainika.

Juzi alikuja mwanamume na daftari, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba amefariki. Kumbe ni msoma mita za maji. Sasa jirani wa kushoto amekuja kunipa pole, na mimi nimezipokea. Unaona tulipofikia.

Fanya hivi. Mchongee mkono wake, ufunge vizuri, utume kwa posta. Usitie barua, usitie hata nukta. Akishaupata hatakuwa na sababu ya kukuandikia tena, na kama ana nia nyingine itajitokeza. Halafu uniandikie mambo ya kawaida, mvua na bei ya nyanya.

Dada yako


29 Machi

Kwa Fundi,

Mkono umefika. Mti ni mzuri na umeupiga msasa mpaka unateleza. Nimetafuta barua ndani ya sanduku, nikakung'uta maranda yote sakafuni, sikuona.

Nina mambo mawili. La kwanza, haukutani vizuri na mwenzake. Unagusa kwenye ncha za vidole na huku chini karibu na kifundo, kwingine pana hewa. Hilo naamini linarekebishika.

La pili ni hili. Kidole cha mwisho cha mkono huu kimepinda kwa nje kwenye kiungo cha juu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, nilipobanwa na mlango. Wa kushoto haukupinda. Mchoro niliokutumia ni wa kushoto, na kidole chake kimenyooka kama rula. Sikukuandikia habari za kidole hicho, na binti yangu anaapa hakuandika. Daktari wa huku hakuwahi kuuona mkono huo.

Nimekaa nao mezani siku nne. Mwanzo nilifurahi kukiona. Kisha nikaogopa. Sasa nashuku. Nimeitoa barua yako na kuisoma upya, na maswali yako yale si ya kawaida, hakuna fundi anayemuuliza mteja nani wa kiwandani anajua.

Wewe ni nani, na mkono wangu uliuona wapi?

Mkandaji Mstaafu


8 Aprili

Mzee wangu, shikamoo.

Naandika kwa mwandiko wangu sasa. Niliuona mkono wako kila asubuhi kwa miaka minne. Ulikuwa ukipita mbele ya dirisha la chumba cha swichi, unaweka viganja pamoja, unainama, na mimi nakupigia shikamoo huku nimeshika kikombe, bila hata siku moja kuuliza viganja hivyo vina maana gani. Kidole hicho kilikuwa kikichomoza pembeni ya vingine. Niliapa kufuata mchoro tu. Mikono ikachonga inachokikumbuka, na sikugundua mpaka nilipoisoma barua yako.

Mimi ndiye mliyekuwa mkiniita Swichi.

Mzee, ulitundika kibao. Nakuambia kwanza hilo kabla ya lolote. Ulizima mashine na ukatundika kibao cha hatari mahali pake, kamba ikiwa imezungushwa mara mbili kama ulivyozoea. Siku ile nilichelewa, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nilikiona. Nikadhani ni cha zamu ya usiku, wameshamaliza usafi wakakisahau, maana walikuwa na tabia hiyo. Nikakitoa, nikawasha. Ilikuwa nizunguke ukuta nitazame kama kuna mtu kwenye mashine. Sikuzunguka.

Niliposikia ukelele nilizima. Kisha nikakitia kibao kwenye sanduku langu la vifaa nikaondoka nacho. Kwenye rejista niliandikwa likizo. Hilo nalo ni kosa langu, nililifanya mwenyewe. Ndiyo maana ripoti ikakuangukia wewe.

Mwezi uliofuata niliacha kazi, nikaja huku kujifunza kutengeneza miguu na mikono. Nilidhani nikitengeneza ya kutosha moyo utanyamaza. Haujanyamaza. Ulipoandika kwamba unamtambua aliyejificha ndani nilidhani unanitisha, nikakuogopa. Sasa siogopi. Naona aibu, na aibu ni nzito kuliko woga.

Ripoti lazima iandikwe upya. Niambie unataka nianzie wapi.

Swichi


2 Mei

Kwako Swichi,

Nimechelewa kujibu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi sehemu moja tu, ile ya kibao. Nilimpa binti yangu aisome kwa sauti, akaisoma, nikamwambia tena. Kamba mara mbili. Ndivyo nilivyokuwa nikifunga. Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya kioo, na sitakwambia zaidi ya hapo.

Yaliyobaki nimeyasoma mara moja, na yananichoma. Nilikuandikia kwa maneno mazuri kwamba mkosaji na aliyekosewa huinamiana. Niliyaandika wakati nadhani mkosaji ni mimi, kwa hiyo hayakunigharimu kitu. Sasa namtafuta huyo aliye ndani yako na simwoni. Namwona mtu aliyetia kibao kwenye sanduku akaenda nyumbani kula.

Nimekasirika, Swichi. Sikujua kwamba katika umri huu bado nina hasira nyingi hivi.

Unasema uliandika rejista mwenyewe. Rejista ilifungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao dada yako. Sikuulizi chochote, nakwambia tu kwamba kichwa changu hakijaharibika chote.

Kwenye kiwanda nenda wewe, kwa miguu yako. Usinitangulize mimi.

Na mkono bado haukutani. Nitakuja Alhamisi, tarehe tisa, kwa treni ya asubuhi, unirekebishie. Nakuja kama mteja. Usinipe shikamoo, sitaiitikia.

Mkandaji


6 Mei

Mdogo wangu,

Barua ya mzee uliyonifungia nimeisoma. Umefanya nini? Umekaa ukafikiri, ukachukua kalamu, ukafanya hivyo? Mimi huku bado napokea pole za kifo changu ili nikufiche, na wewe umejipeleka.

Mteja gani akae ndani ya treni kwa saa sita kwa ajili ya kupigiwa msasa? Atakuja na polisi. Au atakuja na kitu kwenye koti. Funga karakana Alhamisi hiyo, tundika mlangoni kwamba umefiwa, wala hutasema uongo sana, mimi huku nimeshazikwa.

Nakasirika kwa sababu naogopa. Wewe ndiye niliyebaki naye.

Dada yako


10 Mei

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Sikufunga. Na hakuja na polisi. Alikuja peke yake na mfuko wa kitambaa, na ndani mlikuwa na mkono ule, taulo na machungwa mawili ya safarini.

Kabla sijaendelea, ujue kwamba Jumatatu, tarehe ishirini, nakwenda kiwandani kuandikisha kwamba kibao kilitundikwa na mimi ndiye niliyekitoa. Jina lako sitalitaja mimi. Lakini wakiniuliza nani aliandika rejista nitajibu kweli, dada. Nakuomba radhi kwa hilo leo, ili usije kulisikia kwa mtu mwingine. Ukitaka kuja tuingie pamoja, treni yako ni ile ya Jumapili mchana. Mzee alishajua habari ya ufunguo, na hakuniuliza hata mara moja.

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Hatukusalimiana. Akakunja mkono wa shati, akanipa kigutu.

Nimeshashika vigutu zaidi ya mia mbili, nikavishika kikazi. Hiki nilikiosha kwa maji ya vuguvugu nikakikausha kwa taulo yake, naye akivitazama vidole vyangu.

Kuna njia yetu ya kujua mti unagusia wapi. Unampaka mteja chaki kwenye kiganja kizima, anakibana na kile cha mti, kisha unaangalia. Palipopata chaki ndipo palipoinuka, hapo unapapunguza, halafu mnarudia. Kwa hiyo ilimbidi aweke viganja pamoja mbele yangu, tena na tena. Sikuwa nimeliwazia hilo. Na kila alipoviweka alitazama ukutani juu ya kichwa changu, shingo imekakamaa.

Tulifanya kazi karibu saa tatu. Nilipofika kwenye kidole cha mwisho nikataka kukinyoosha, akasema, "Hicho kiache."

Baadaye, mimi nikiwa nimeinamia tupa, akaniuliza, "Kutoka swichi mpaka mashine ni hatua ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ulizihesabu lini?"

"Baadaye," nikamwambia. Akakinyoosha tena kiganja chake nikipake chaki.

Mara ya kumi na moja chaki ilienea kote, ikabaki tupu katikati tu, pale alipotaka uvungu. Nikamwambia, "Tayari, mzee. Sasa vimekutana. Inatosha." Nikageuka kutafuta kitambaa nimfute, na kusema kweli nilitaka kugeuka, nisionekane uso.

Akasema, "Bado. Hizo zote zilikuwa za kupima."

Nikageuka. Alikuwa amesimama. Alijifuta chaki kwenye suruali, taratibu, kisha akasimama tu, na niliona taya lake linavyokaza na kulegea. Nilidhani ameshindwa. Nilitaka kumwambia kwamba si lazima, kwamba aende zake tu, treni itamwacha. Ndipo akauleta ule wa mti mbele ya kifua, akauletea mwenzake, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akainama.

Nina mikono yote miwili, dada, mizima, na sikujua niiweke wapi.

Mdogo wako